"Dada, Hiyo Ni Gemu Tu"

Swali: "Mdogo wangu wa kiume ana miaka 16. Nyumbani ni mpole kupita kiasi. Akigombezwa huinamisha kichwa tu. Juzi usiku nilipita mlangoni kwake nikamsikia anacheza gemu na watu wa mtandaoni, anamporomoshea mtu matusi ambayo sikujua hata kama anayajua, mpaka ya mama. Nilipoingia akavua hedifoni, akaniambia kwa utulivu: 'Dada, hiyo ni gemu tu. Huko ndivyo tunavyoongea.' Tangu siku hiyo namtazama kama simfahamu. Je, gemu imemharibu, au huyu ndiye yeye wa kweli na nyumbani anatuigizia? Nimnyang'anye?"

Jibu:

Dada yangu, umeuliza maswali matatu, na la mwisho ndilo jepesi. Nianze na lile ambalo naona linakunyima usingizi.

Hapana, hukufumania sura ya siri. Upole unaouona nyumbani ni wake, na ukali uliousikia mlangoni ni wake pia. Sote tunaongea hivi mbele ya wazee, vile tukiwa na rika letu, na vingine kabisa tukiwa tumekasirika kwenye foleni. Kinachobadilika ni mahali, na kila mahali pana adabu zake, hata pale panapoonekana hapana adabu kabisa. Ndiyo maana katika barua yako yote sentensi niliyoirudia mara tatu ni ya mdogo wako: "Huko ndivyo tunavyoongea." Yeye aliitoa kama udhuru. Mimi naiona kuwa maelezo sahihi kuliko mengi niliyowahi kuyasikia kwa watu wazima. Amekuambia kwamba aliingia mahali, akakuta watu wanaongea hivyo, akajifunza lugha yao.

Nimesimamia seva za gemu, yaani kompyuta wanamokutania wachezaji wa mtandaoni, na vikundi vya wachezaji kwa miaka mingi. Kazi yenyewe ni kusoma ripoti za matusi, moja baada ya nyingine, na kuzungumza na waliotukana na waliotukanwa. Ninayokuandikia yanatoka huko, na kwenye utafiti ambao wengine wameufanya vizuri kuliko mimi.

Kuna jambo moja niliondoe njiani haraka. Watu wakisikia kijana anatukana kwenye gemu ya vita hudhani bunduki ndizo zilizomfundisha. Mwaka 2019 Andrew Przybylski wa Chuo Kikuu cha Oxford na Netta Weinstein wa Cardiff walichapisha utafiti wa vijana wapatao elfu moja wa Uingereza, wa miaka 14 na 15. Walilinganisha ukatili uliomo kwenye gemu wanazocheza, kwa viwango rasmi, na jinsi wazazi wao walivyoeleza tabia zao. Hawakuona uhusiano. Nami kwenye ripoti zangu, gemu za mpira na za mbio za magari zilileta matusi sawasawa na za risasi. Anayekutukana hatukani kwa sababu ya damu iliyochorwa kwenye skrini. Anatukana kwa sababu umempotezea pasi.

Maelezo yenye ukweli mkubwa zaidi ni yale ya kinyago. Mwaka 2004 mwanasaikolojia John Suler alieleza kwa nini watu wakiwa mtandaoni hulegeza breki: hawajulikani, hawaonekani, hakuna mkubwa aliyesimama pale, na yote yanafanana na igizo lililotengwa na maisha. Hebu tuliangalie hilo la kutoonana peke yake. Ukimwambia mtu neno kali ana kwa ana, kabla hujalimaliza umeshaona jicho lake limebadilika, na kitu ndani yako kinaanza kurudi nyuma bila kuamriwa. Kwenye gemu jicho hilo halipo. Neno linaondoka na halirudi na chochote. Kama mdogo wako angemwona yule aliyemtukania mama akimeza mate na kutazama chini, siamini kama angefika tusi la pili.

Lakini Suler aliandika pia upande ambao wengi huuruka. Breki hizohizo zikilegea, watu hufungua mioyo, huwasaidia wasiowajua, husema maumivu ambayo hawajawahi kuyasema hata kwa ndugu zao. Nimeyaona hayo mengi kuliko matusi, ila hakuna anayeripoti wema, kwa hiyo hauingii kwenye hesabu.

Ndiyo maana siafiki ule wito unaorudi mara kwa mara, kwamba kila mtu alazimishwe kutumia jina lake halisi na matusi yatakoma. Korea Kusini ilijaribu. Kuanzia mwaka 2007 sheria iliwataka watu wathibitishe utambulisho wao kabla ya kuandika kwenye tovuti kubwa. Matusi hayakwisha, ila tovuti ziligeuka maghala ya taarifa za watu, na mwaka 2011 wadukuzi waliiba taarifa za watumiaji wapatao milioni 35 wa tovuti za Nate na Cyworld. Agosti 2012 Mahakama ya Katiba ikaifuta sheria hiyo. Kampuni ya gemu ya Blizzard nayo ilitangaza Julai 2010 kwamba wanaoandika kwenye mabaraza yake ya wachezaji wataonekana kwa majina yao halisi. Siku chache baadaye ikarudi nyuma, kwa wingi wa malalamiko ya watu walioogopa kufuatwa mpaka nyumbani. Na sote tumewaona watu wakitukana kwa majina yao kamili, picha ya familia ikiwa pembeni.

Sasa weka hayo kando ya gemu iitwayo Journey, iliyotoka mwaka 2012. Inakukutanisha jangwani na mtu mmoja usiyemjua. Huoni jina lake mpaka safari imekwisha. Huwezi kumwandikia, huwezi kuzungumza naye. Unachoweza ni kutoa mlio tu, kama wa ndege. Hapo kutojulikana kumefika ukingoni, na bado wapo wachezaji waliosimulia kwamba walitokwa machozi walipopoteana na mgeni yule. Haikuanza hivyo. Gemu ilipokuwa bado inatengenezwa, wachezaji waliweza kusukumana, nao wakasukumana kweli; wakaona raha kutumbukizana mashimoni. Watengenezaji wake, wakiongozwa na Jenova Chen, hawakuongeza adhabu wala maonyo. Waliondoa uwezo wa kusukumana, wakaweka kwamba wawili wakigusana wanaongezeana nguvu ya kuruka. Kinyago kilibaki kilekile. Mikono tu ndiyo iliyobakiwa na jambo moja la kumfanyia mwenzako, nalo likawa jema.

Nimelirefusha hili kwa sababu wazazi na dada na kaka wengi humtazama kijana peke yake, kana kwamba tabia yote inatoka kifuani mwake, wakati mahali alipo pametengenezwa na watu, kwa maamuzi, na maamuzi hayo yana matokeo. Riot Games, wenye League of Legends, gemu ya timu mbili zinazoshindana mtandaoni, waliwahi kubadilisha kitu kidogo mno: gumzo kati ya timu mbili zinazopambana likazimwa tangu mwanzo, na anayelitaka aliwashe mwenyewe. Halikukatazwa. Watu waliliwasha na kulitumia karibu kama zamani, lakini maneno mabaya yalipungua kwa zaidi ya asilimia 30. Kubofya kitufe kimoja tu kabla ya kusema kuliwapa nafasi ya kujiuliza wanataka kusema nini.

Tuje kwa usiku ule wenyewe. Mwaka 2017 Justin Cheng na wenzake wa vyuo vikuu vya Stanford na Cornell waliwachukua watu 667 wa kawaida. Baadhi wakapewa mtihani mwepesi, wengine mgumu wa kuwaudhi, kisha wote wakaingizwa kwenye mjadala. Wengine walikuta maoni ya kwanza ni ya kistaarabu, wengine walikuta ni ya uchokozi. Waliotoka kwenye mtihani mwepesi na kukuta maoni ya kistaarabu, takriban asilimia 35 ya maandishi yao yalikuwa ya uchokozi. Hiyo yenyewe si ndogo. Lakini waliotoka kwenye mtihani mgumu na kukuta watu wameshaanza kuchokozana walifika asilimia 68. Ukiyatazama mambo hayo mawili, kushindwa kwanza kisha kukuta matusi yameshaanza, utaona kwamba ndiyo hali ya kila raundi ngumu ya gemu ya mashindano, tena mara kumi kwa usiku mmoja.

Riot nao walipohesabu, walikuta wachezaji wanaotukana kila mara ni kama asilimia 1 tu, na kwamba hao wote kwa pamoja walitoa kiasi cha asilimia 5 ya matusi. Sehemu kubwa ya mengine ilitoka kwa watu wa kawaida waliokuwa na siku mbaya. Wale wachache wanaoona raha kumwona mwingine akiteseka wapo, sikatai. Richard Bartle, mmoja wa watengenezaji wawili wa MUD, gemu ya maandishi ya mwaka 1978 ambayo ni bibi wa gemu nyingi za mtandaoni za leo, aliwatenga kama aina yao kabisa alipoandika kuhusu wachezaji mwaka 1996. Mdogo wako hafanani nao. Mtu wa aina hiyo angefurahi ulipomfumania, au angekukasirikia kwa kumkatiza. Wako alivua hedifoni akakueleza.

Nakumbuka mchezaji mmoja aliyekaa kwenye seva yetu miaka mitatu bila ripoti hata moja. Usiku mmoja aliripotiwa na watu tisa. Nilimwandikia kabla ya kumfungia akaunti. Akajibu kwamba amepoteza raundi sita mfululizo, hajala tangu asubuhi, na aliyeanza kutukana ni mwenzake wa timu. Nikakagua: aliyosema kuhusu raundi na kuhusu mwenzake yalikuwa kweli. Sikubishana naye. Nilimtumia maneno yake mwenyewe aliyoyaandika usiku ule, yote, kwa mpangilio, bila kuongeza langu. Alikaa siku mbili kimya, kisha akaniomba orodha ya wale tisa ili awaombe radhi.

Linalonigusa kuliko yote, dada, ni hili: nani alimfundisha mdogo wako adabu za mahali pale?

Zamani kidogo kulikuwa na mtandao wa mijadala ulioitwa Usenet, ulioanza mwaka 1980. Kila Septemba vyuo vikuu vilipofunguliwa waliingia wanafunzi wapya wasiojua taratibu. Wakongwe walikereka, waliwakemea, waliwaelekeza, na baada ya wiki kadhaa wageni wakawa wenyeji. Kati ya mwaka 1993 na 1994 kampuni za kibiashara za kuwaunganisha watu na mtandao, kama AOL, zilipowafungulia wateja wao mlango wa Usenet, wageni wakawa wanamiminika kila siku, kuliko uwezo wa wakongwe kuwafunza. Wakati huo ukabatizwa Septemba isiyokwisha. Wengi huusimulia kwa majonzi, kwamba washamba waliharibu mji. Mimi nausoma vingine. Wageni wale hawakuwa wabaya kuliko wa miaka iliyotangulia. Walikosa wa kuwashika mkono.

Gemu nyingi za leo ziko katika Septemba hiyo kila usiku. Zinamchukua kijana, zinamchanganya na wageni tisa kwa nusu saa, kisha zinawatawanya wasionane tena. Hakuna mkongwe. Hakuna kesho ya kukutana na uliyemkosea. Hakuna wa kumwambia kwa sauti ya kawaida, "Sisi hapa hatusemi hivyo." Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, wanasema; wako alifunzwa vizuri na mamaye, ila ulimwengu huu haukuwamo kwenye mafunzo hayo, na sisi wakubwa tulikaa mbali nao kwa sababu tuliuita mchezo wa watoto.

Atakuambia ni utani. Msikilize, kwa kuwa kuna utani wa kweli kwenye gemu, na ni mtamu. Marafiki wanaocheza pamoja kila siku husemana maneno ambayo mpita njia akiyasikia atadhani wanakaribia kupigana. Lakini utani una watu wake. Mtani wako anakujua, anaweza kukurudishia bila woga, na mkimaliza mnacheka wote. Mtu usiyejua ana umri gani, amefiwa na nani wiki hii, wala kama anacheka au ameshazima kifaa, huyo hujamtania. Vijana nikiwauliza swali moja huwa hawahitaji hotuba: uliyemwambia hayo, ungependa kesho acheze na wewe tena? Kwa rafiki hujibu ndiyo kabla sijamaliza. Kwa mgeni hunyamaza.

Basi, umnyang'anye? Kwa ulichonieleza, hapana, na nitakuambia kwa nini kwa habari ya kijana mwingine. Mats Steen wa Norway alikuwa na ugonjwa wa misuli uitwao Duchenne, akafariki Novemba 2014 akiwa na miaka 25. Wazazi wake waliamini kwamba ameishi mpweke mbele ya skrini. Baba yake alipoandika taarifa ya msiba kwenye blogu ya mwanawe, barua zikaanza kuingia kutoka nchi mbalimbali, za watu waliocheza naye World of Warcraft. Walieleza jinsi alivyowasikiliza na kuwashauri. Mama mmoja alieleza jinsi Mats alivyomsaidia kumkaribia mwanawe mwenyewe. Baadhi yao walisafiri kwenda kumzika. Gemu hiyo ina watukanaji wake kama nyingine zote. Mats alikuwa na kikundi cha kudumu, watu walewale kwa miaka, wenye majina ya bandia na kumbukumbu za kweli. Ukimnyang'anya mdogo wako utayaondoa matusi masikioni mwako, na huenda ukamwondolea pia kitu cha aina hiyo ambacho hujakijua bado.

Ungekuwa umeniambia kwamba ameshindwa kabisa kujizuia, gemu imetangulia mbele ya masomo na usingizi na watu, na anaendelea ingawa inamwumiza, kwa muda wa kama miezi 12, ningekujibu vingine. Hizo ndizo dalili za maradhi ya uchezaji ambayo Shirika la Afya Duniani limeyatambua katika orodha yake ya magonjwa inayotumika tangu Januari 2022. Hukuniandikia hata moja.

Fanya hivi. Mtafute wakati hachezi, na usianze na kosa lake. Muulize siku za kwanza alizoingia kwenye gemu hiyo, alipokuwa hajui, aliambiwa nini. Nadhani utasikia mambo. Karibu kila kijana mtukanaji niliyezungumza naye aliweza kunitajia tusi la kwanza alilotukanwa, neno kwa neno, na wengi hawakuwa wamewahi kumwambia mtu. Likishatoka hilo ndipo umwambie ulichokisikia wewe, polepole, maneno yaleyale kama unayakumbuka, hata kama ulimi unakataa. Riot waliona kwamba mchezaji aliyeadhibiwa bila kuonyeshwa alichosema hurudia kuliko aliyeonyeshwa, na uzoefu wangu ni huohuo. Matusi yakisomwa mchana katika chumba kilichotulia huwa na uzito ambao usiku hawausikii.

Mengine ni ya kawaida. Akipoteza raundi mbili mfululizo asimame, atembee, anywe maji. Gumzo na timu pinzani alizime, hatakosa chochote. Mwenzake wa timu akianza kutukana, amnyamazishe mara moja kabla hajajibu, kwa kuwa jibu la kwanza ndilo linalowasha wengine wanane. Na atafute watu wachache wa kucheza nao kila siku, hata watatu, ili pawe na kesho ya kuonana.

Kisha mwombe akufundishe. Najua huchezi. Kaa naye usiku mmoja, sauti itoke kwenye spika badala ya hedifoni, ushike kifaa wewe, na useme kwa sauti yako kwenye maikrofoni ili timu ikusikie. Utaharibu raundi, hilo halina shaka, na kwa kuwa ni sauti ya mwanamke kuna uwezekano mkubwa kwamba mgeni fulani atakutukana kwa hilo. Usijibu neno. Mtazame mdogo wako, uone atafanya nini, kisha uniandikie tena.